Saa Moja Usiku

Kwa hesabu ya Waswahili, siku haingojei usiku wa manane. Jua likikuchwa, kesho imekwishaingia. Ndiyo maana usiku wa kuamkia Ijumaa tunauita usiku wa Ijumaa, hata kalenda ya ukutani ikibisha kwamba bado ni Alhamisi. Saa ya kwanza ya siku hiyo changa ni saa moja usiku, na Mombasa inaijua saa hiyo kuliko saa nyingine yoyote. Magharibi imeshaswaliwa, joto limepungua ukali, makaa ya mshakiki yameshika, karai la viazi linatokota, na waliojificha jua mchana kutwa wanatoka kwenda ufukwe wa Mama Ngina kupunga upepo wa bahari.

Jumatano ya 25 Machi 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba kuanzia Ijumaa ya tarehe 27 mtu yeyote asionekane nje kati ya saa moja usiku na saa kumi na moja alfajiri. Sidhani kama aliyeichagua saa hiyo alikuwa na nia mbaya na watu wa pwani. Nadhani aliitazama saa kama anavyoitazama mtu wa ofisini: kazi imekwisha, giza limeingia, kila mtu na aende kwake. Hakujua, au hakukumbuka, kwamba kuna mji ambao giza likiingia ndipo nusu ya riziki yake inapofungua mlango.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeingia kwa ndege. Ijumaa ya 13 Machi, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitoa habari ya mgonjwa wa kwanza nchini, mwanamke aliyerejea kutoka Marekani kwa kupitia London. Siku mbili baadaye Rais akaamuru shule zifungwe. Mitungi ya maji yenye bomba ikaota milangoni mwa maduka, kila mtungi na kipande chake cha sabuni kilichofungwa kamba kisiibwe. Bei ya sanitaiza ikapanda hata tukaanza kuitoa kwa matone, kama uturi. Benki na kampuni za simu zikaondoa ada ya kutuma pesa zisizozidi shilingi 1,000, ili watu waache kupokezana noti. Katika maamuzi yote ya mwaka ule, hilo la ada sijamsikia mtu akililaumu.

Maneno nayo yakaanza kazi mpya. Barakoa, kwa aliyelijua neno hilo zamani, ilikuwa kifuniko cha uso cha wanawake wa Kiarabu, kile kilichokuja na watu wa Omani na Ghuba. Ghafla ikawa kitambaa cha kila mtu, mwanamume na mwanamke, mcha Mungu na mlevi. Watanzania walikwenda mbali zaidi wakaufupisha ugonjwa kuwa UVIKO, yaani ugonjwa wa virusi vya korona. Karantini haikuwa ngeni: pwani ililijua neno tangu enzi za meli, na kisiwa cha Changuu mbele ya mji wa Unguja kiliwahi kuwa kituo cha kuwazuilia abiria waliotiliwa shaka ya tauni na homa ya manjano. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliishambulia Unguja na mwambao, na wazee walihadithiana habari zake kwa vizazi. Kafyu, hata hivyo, ilikuwa neno la wakubwa. Kwa vijana wengi ilikuwa mara ya kwanza kulisikia likiwahusu wao.

Basi ikafika Ijumaa ya kwanza. Anayetaka kuielewa siku ile sharti aijue kwanza Likoni. Kisiwa cha Mombasa kimetengwa na pwani ya kusini kwa mkono wa bahari usiozidi kiasi cha nusu kilomita. Wakati ule hapakuwa na daraja pale, palikuwa na feri tu. Makisio ya kawaida ni watu 300,000 kwa siku, na wengi wao wanaishi ng'ambo, Likoni, Mtongwe na Kwale, ila kazi zao ziko kisiwani: wapishi, walinzi, makuli wa bandarini, wasichana wa kazi, wauza duka. Asubuhi wanavuka, jioni wanavuka. Feri moja ikiharibika, mji mzima unakohoa.

Siku ile waajiri wengi waliwaachia watu mapema, wote kwa wakati mmoja, kila mtu akikimbilia kivuko kimoja kabla ya saa moja. Hesabu haikutaka elimu kubwa. Kufika alasiri, watu walikuwa wamejaa kuanzia lango la feri hadi barabarani. Zaidi ya saa mbili kabla ya kafyu kuanza, polisi wakafyatua gesi ya kutoa machozi katikati ya umati ule. Wakapiga watu kwa marungu na vitako vya bunduki, mateke na makofi. Wakawalaza chini walalie juu ya wenzao, watu walewale walioambiwa kutwa wasikaribiane. Picha zilizunguka dunia nzima jioni hiyohiyo. Walioonewa hawakuwa wamevunja amri yoyote, kwa kuwa amri yenyewe ilikuwa haijaanza. Kosa lao lilikuwa kuishi ng'ambo.

Mimi nilivuka na feri ya mwisho kabla ya vurugu. Mungu alinipa bahati ya kuwa na shughuli fupi. Ng'ambo tulisimama tukitazama moshi mweupe ukipanda upande wa kisiwani. Mama mmoja aliyekuwa na ndoo yake ya samaki alisema neno moja tu, “Masikini,” akajitwika ndoo akaenda zake. Hadi leo sijui alimhurumia nani.

Yaliyofuata yaliandikwa na wengi. Usiku wa 30 Machi, huko Kiamaiko, Nairobi, mtoto wa miaka 13 aliyekuwa amesimama kwenye roshani ya nyumba yao alipigwa risasi na polisi waliokuwa wakishurutisha kafyu, akafa. Tarehe 1 Aprili Rais aliwaomba radhi Wakenya kwa ukatili uliotendeka. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu watu wasiopungua sita waliokufa mikononi mwa polisi katika siku 10 za mwanzo. Wakati huo virusi vyenyewe vilikuwa havijaua watu kumi nchini. Kufikia mapema Juni, mamlaka huru ya kusimamia polisi ilikuwa imeunganisha vifo 15 moja kwa moja na askari tangu kafyu ianze. Ombi la radhi lilikuwa limetolewa miezi miwili kabla.

Aprili 8, saa moja usiku kama kawaida, kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi zikafungwa: hakuna kuingia, hakuna kutoka. Nairobi ilikuwa imetangulia siku mbili. Treni ya abiria kati ya Mombasa na Nairobi ikasimama. Hoteli za ufukweni, zilizokuwa zimeanza kupoteza wageni tangu Ulaya ifunge milango, zikawapa wafanyakazi likizo isiyo na mshahara wala tarehe ya kurudi. Vijana wa ufukweni waliozoea kuuza vinyago na kuwapeleka watalii kwenye miamba kutazama samaki wakabaki wakitazamana. Aliyekuwa Nairobi kwa safari ya siku mbili akakaa huko miezi mitatu.

Fedha za kutwa hukauka kwa kasi asiyoijua mtu wa mshahara. Matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba wanane, na tofauti ya nauli ikamwangukia abiria. Barakoa ikawa sharti; adhabu ya kutoivaa hadharani ilifika shilingi 20,000, au kifungo cha miezi sita, au vyote viwili. Mtu wa kibarua cha shilingi 500 kwa siku angefanya kazi siku 40 bila kula ili ailipe. Matokeo yake kila mtu alikuwa na barakoa, ila ilikaa kidevuni. Likionekana gari la polisi, hupanda puani. Gari likipita hushuka. Wengine waliazimana ile moja mlangoni mwa benki: anayetoka anamvisha anayeingia. Tulicheka, na hatukupaswa kucheka.

Mwishoni mwa Aprili, televisheni ilionyesha mjane mmoja wa hapa Mombasa, mfua nguo wa nyumba za watu, ambaye kazi ilikuwa imekatika kwa sababu matajiri wake waliogopa kumwingiza ndani. Watoto walikuwa na njaa. Akateleka sufuria ya mawe, akawaambia chakula kinaiva, akitumaini watalala wakingoja. Nchi nzima ilishtuka, pesa zikamiminika kwenye simu kutoka kwa watu asiowajua. Lakini hapa pwani mshtuko ulikuwa na sura nyingine. Kila aliyekaa chuoni kwa mwalimu wake anakijua kisa cha Khalifa Umar akizunguka Madina usiku, akamkuta mama akipika mawe ili watoto wasinzie, akarudi mwenyewe na gunia la unga mgongoni. Kisa hicho tulifundishwa kama habari ya kale, ya kuonyesha jinsi mtawala anavyopaswa kuogopa. Hatukutegemea kukiona kwenye taarifa ya saa moja. Na kuna jambo ambalo wengi hawakulisema: Khalifa alimkuta yule mama kwa kuwa alitoka nje usiku.

Hapo Ramadhani ilikuwa imeshaingia, na Ramadhani ya 2020 ndiyo kiini cha habari yote kwa watu wa mji huu.

Misikiti ilikuwa imefungwa tangu Machi. Adhana iliendelea, kwa sababu adhana haikukatazwa, na kwa hakika hilo lilikuwa gumu zaidi kuliko kimya: kusikia mara tano kwa siku wito ambao huruhusiwi kuuitikia kwa miguu. Jua lilikuwa likizama kiasi cha saa kumi na mbili na robo. Hesabu: unafungua kwa tende, unaswali Magharibi, unabaki na nusu saa tu kabla ya kafyu. Katika nusu saa hiyo ndipo zamani sinia zilikuwa zikipishana vichochoroni, hii ya kaimati inakwenda kwa jirani, ile ya mkate wa kumimina inarudi na sambusa, kwa kuwa sahani ya jirani hairudishwi tupu. Tarawehe zikawa za nyumbani. Baba ambaye hakuwahi kusalisha maishani mwake akasimama mbele ya wanawe na msahafu ukiwa wazi kwenye simu. Wapiga daku, wale wanaopita na ngoma usiku kuamsha watu wale kabla ya alfajiri, hawakupita. Tuliamshwa na kengele za simu, kila mtu na yake, na wengi wetu tulikula daku tukiwa na usingizi na hasira.

Wauzaji ndio walioumia zaidi. Mwezi wa Ramadhani, mama muuza viazi vya karai au kachiri hupata fedha za kusukuma miezi mingine mitatu, na fedha hizo huzipata usiku. Jirani yangu mmoja alijaribu kuhamishia biashara yake alasiri. Hakuna anayenunua mshakiki saa tisa akiwa amefunga! Siku ya nne aliacha.

Kisha ikaja Jumatano ya 6 Mei. Serikali ilitangaza kwamba kuanzia saa moja usiku Mji wa Kale wa Mombasa, pamoja na Eastleigh kule Nairobi, utafungwa peke yake kwa siku 15. Wagonjwa walikuwa wameongezeka, na wakaazi wengi walikuwa wamekataa kupimwa. Kukataa huko kulichukuliwa kama ujinga, na baadhi ya watu wa mitaa mingine wakawasema vibaya majirani zao. Mimi naona sababu yake ilikuwa wazi. Aliyekutwa na virusi, au aliyekaa karibu na aliyekutwa navyo, alichukuliwa karantini ya lazima siku 14. Kwa wiki nyingi gharama ilikuwa juu yake mwenyewe, kuanzia shilingi 2,000 kwa siku, na kama mwenzake wa chumba cha pili akiugua, siku zikaanza kuhesabiwa upya. Watu waliokamatwa usiku kwa kuvunja kafyu nao walitupwa mumo humo, kana kwamba ni jela ya pili. Serikali ilikubali kubeba gharama hizo mwanzoni mwa Mei, wakati hofu imeshaota mizizi. Ukigeuza hospitali kuwa adhabu, usishangae mgonjwa akijificha.

Mji wa Kale si mtaa wa kufungwa kirahisi. Umekaa pale kati ya Ngome ya Yesu na bandari ya majahazi, vichochoro vyake vimepindana hata mgeni hupotea mchana kweupe. Nyumba za mawe za ghorofa mbili tatu, kuta nene, vyumba virefu vyembamba, familia tatu nne chini ya dari moja. Ndani kuna joto. Kwa hiyo nyumba ya Kiswahili ikazaa baraza, lile benchi la saruji au mawe linaloshikana na ukuta wa mbele. Barazani ndipo kahawa inaponywewa, ndoa zinapopangwa, bao linapochezwa, habari za waliokufa zinapopokelewa. Baraza ni ndani au nje? Kwa mwenye nyumba ni ndani. Kwa askari aliyekuja na amri ya watu wasitoke nje, ni nje. Mabishano mangapi yalizuka kwa sababu ya futi mbili za saruji, Mungu ndiye anayejua. Wazee waliokaa barazani jioni kwa miaka 50 waliambiwa waingie ndani, wakaingia, wakafungua dirisha, wakaendelea kuzungumza dirisha kwa dirisha.

Shangazi yangu alikuwa ndani ya uzio. Ana sukari, na dawa zake huzipata kwa mfamasia aliyeko nje ya mpaka uliowekwa, hatua mia tatu kutoka mlangoni pake. Nilikwenda kizuizini na mfuko wa dawa. Askari mmoja, kijana mpole wa bara, alinieleza kwamba amri aliyopewa ni magari ya chakula tu. Nilimwambia hiki ni kidogo kuliko chakula. Akasema, “Mzee, mimi sikuandika sheria.” Tukasimama pale wote wawili, tukiwa tumevaa barakoa, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma. Mwisho hamali mmoja aliyekuwa akiingiza mkokoteni wa magunia ya unga aliuchukua mfuko bila kuulizwa, akauchomeka kati ya gunia na gunia, na kijana wa bara akageuka kutazama bahari. Jioni shangazi alinipigia kunishukuru, kisha akanigombeza kwa kusahau kumnunulia iliki.

Masoko na mikahawa ya ndani ilifungwa. Siku 15 zilipokaribia kwisha, zikaongezwa hadi 6 Juni. Vijana walioajiriwa nje ya mpaka wakapoteza kazi, kwa kuwa hakuna tajiri anayemngojea mfanyakazi mwezi mzima. Misaada ya unga, mchele na mafuta ilikuja, kutoka kaunti, misikiti na matajiri, na pamoja nayo ikaja minong'ono ya kawaida kuhusu nani aliandikwa na nani alirukwa.

Tulichokiona kwenye simu kiliongeza uchungu. Tanga iko karibu, na nusu ya familia za hapa zina ndugu Tanga, Pemba au Unguja. Tanzania ya Rais John Magufuli haikufunga misikiti wala makanisa. Iliacha kutoa hesabu ya wagonjwa ilipofika 509, na mwanzoni mwa Mei Rais mwenyewe alihoji vipimo vya maabara kwa kusema kwamba sampuli za mbuzi na papai zilionyesha virusi. Tulitumiwa video za tarawehe zimejaa safu kwa safu. Wengine wetu tuliwaonea wivu, wengine tuliwaombea. Baadhi ya waliokuwa katika safu zile walizikwa baadaye, kama walivyozikwa baadhi ya waliojifungia hapa, na sioni faida ya kuanza mashindano ya makaburi. Tarehe 16 Mei Kenya ilifunga mpaka na Tanzania isipokuwa kwa mizigo, madereva wakapimwa mmoja mmoja. Lungalunga, pale mpakani, ikawa mbali kuliko Muscat.

Idi ilikuwa Jumapili ya 24 Mei, ikaswaliwa sebuleni. Watoto walivaa nguo mpya, kwa waliozipata, wakapigwa picha ngazini, wakavua kabla ya adhuhuri. Idi bila kwenda nyumba kwa nyumba kudai mkono wa Idi ni Jumapili tu yenye pilau.

Kilichotuvunja moyo kuliko vyote, hata hivyo, kilikuwa mazishi. Sheria iliruhusu watu 15. Kwetu jeneza halina wachukuzi maalumu. Linapita juu ya mabega, huyu anapokea, yule anaachia, hata mpita njia asiyemjua marehemu huacha shughuli zake akasogea hatua saba kwa ajili ya thawabu. Kumzika mtu aliyeishi miaka 80 mtaani, aliyezika wengine mamia, kwa watu 15 waliohesabiwa na chifu! Aliyekufa kwa korona alizikwa na watu waliovaa mavazi meupe ya plastiki, familia ikiwa imesimama mbali. Khitma zilisomwa kwenye simu, sauti zikipishana, mmoja yuko Yasin na mwingine bado yuko mwanzo. Watu wengi nilioongea nao wamesahau bei ya barakoa na saa za kafyu. Mazishi waliyoyakosa hawajayasahau.

Tarehe 6 Juni Mji wa Kale ukafunguliwa na kafyu ikasogezwa hadi saa tatu usiku. Mombasa na Nairobi zilifunguliwa mwezi mmoja baadaye. Misikiti na makanisa yaliruhusiwa tena katikati ya Julai, kwa waumini wasiozidi 100, ibada isiyozidi saa moja, na umri kati ya miaka 13 na 58. Ebu fikiria safu ya mbele isiyo na wazee. Imamu mwenye miaka 60 hakuruhusiwa kuingia katika msikiti alimosalisha miaka 30. Hija ya mwaka ule ilibakishwa kwa watu wapatao 1,000 waliokuwa tayari ndani ya Saudia, na waliokuwa wameweka akiba yao kwa safari hiyo walibaki na pasi zisizogongwa muhuri.

Shule nazo: Waziri wa Elimu George Magoha alitangaza Julai kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umepotea. Darasa la nne, la nane na kidato cha nne walirudi 12 Oktoba, wengine wote 4 Januari 2021. Watoto waliotoka wakijua kuandika majina yao walirudi wakiwa na ndevu, au na mimba, au hawakurudi.

Baada ya hapo kafyu ilizeeka nasi. Ikawa saa tano usiku, ikarudishwa saa nne Novemba. Machi 2021 Nairobi na kaunti nne nyingine zikafungwa, kafyu yao ikianza saa mbili usiku, na Jumamosi ya 17 Aprili polisi wakaziba Barabara Kuu ya Thika, wakawashikilia maelfu ya watu ndani ya magari, magari ya wagonjwa yakiwemo. Tuliokumbuka Likoni tulitazama tukanyamaza. Juni ikawa zamu ya kaunti za kanda ya ziwa, saa moja usiku kwao kama ilivyokuwa kwetu mwanzo. Wakati huohuo wanasiasa walikuwa wakihutubia mikutano iliyofurika, bila hata kipande cha kitambaa usoni, na askari walewale wakiwapisha njia.

Likoni ilipata kitu kimoja. Ili kupunguza msongamano wa feri, serikali ilijenga daraja linaloelea la watembea kwa miguu huko Liwatoni, likaanza kutumika mwanzoni mwa 2021. Waliopigwa marungu pale langoni mwa feri walivuka juu ya maji kwa miguu yao.

Tarehe 20 Oktoba 2021, katika sherehe za Mashujaa zilizofanyika Kirinyaga, Rais Kenyatta aliiondoa kafyu papo hapo, baada ya karibu miezi 19. Waliokufa kwa ugonjwa nchini, kwa hesabu ya serikali, walikuwa wamepita 5,000. Ilikuwa Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi. Usiku ule ulikuwa usiku wa Alhamisi, na Mombasa iliuanza, kama zamani, saa moja.